Panya akila waya, soya inasingiziwa

Taa ya injini imewaka, gari linakohoa na halina nguvu. Boneti inafunguliwa, nyaya zinakutwa zimegugunwa, na hukumu inatolewa kabla spana haijashikwa: magari haya mapya ya Kijapani nyaya zake ni za soya, ndiyo maana panya wanazila. Maelezo hayo yamezagaa kuanzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi Grogan, Nairobi, na yana utamu wake. Yanaeleweka haraka, yana mkosaji wa mbali mwenye fedha, na yanawaondolea lawama wote walio karibu: mwenye gari, mwenye nyumba, jirani mwenye banda la kuku. Hata panya mwenyewe anasalimika, maana nani atamlaumu mnyama kwa kula alichopikiwa? Lakini yakipimwa kwa ushahidi uliopo yanapwaya. Soya imebebeshwa mzigo usio wake, na kadiri tunavyozidi kuibebesha ndivyo tunavyoacha kushughulikia kinachoharibu magari yetu kweli.

Chimbuko la habari hii ni Marekani. Kuanzia mwaka 2016 wamiliki wa magari walifungua kesi dhidi ya Toyota na Honda, wakidai kwamba kampuni hizo ziliacha kuvika nyaya plastiki inayotokana na petroli zikahamia kwenye ganda lenye soya, kwamba ganda hilo huwavuta panya, na kwamba kwa hiyo ni kasoro ya kiwandani inayopaswa kulipwa na waranti. Kampuni zilishikilia kwamba panya huharibu magari ya kila aina. Toyota ikaongeza kuwa haijui ushahidi wowote wa kisayansi unaoonyesha kwamba soya ndiyo inayowaita. Jambo moja katika kesi za namna hiyo husahaulika habari inaposafiri. Hatua za mwanzo za shauri haziamui kama madai ni ya kweli. Jaji huyachukua kama yalivyoandikwa na kujiuliza tu kama, yakithibitishwa, sheria ingempa mlalamikaji haki yoyote. Mawakili walivutana juu ya maneno ya waranti na wajibu wa kufichua kasoro, panya hakufikishwa kizimbani. Ila vichwa vya habari vilikwisha kuandikwa, na kilichokuwa dai la mlalamikaji kilifika kwetu kikiwa kimevaa joho la hukumu. Kilitufikia pamoja na magari yenyewe, kwa sababu yaliyotajwa katika madai ni ya miaka ya 2010, na hayo ndiyo yaliyoshushwa kwa miaka bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kwa miaka kadhaa soko lake la magari ya Japani lilijaa yanayosemwa.

Tuutazame waya wenyewe. Ndani kuna nyuzi za shaba zilizosokotwa, nje kuna ganda, na ganda hilo mara nyingi ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. PVC peke yake ni ngumu na hukatika ikikunjwa. Ili ijikunje ndani ya injini huchanganywa na kilainishi, ambacho kwa kawaida huchukua robo hadi theluthi ya uzito wa ganda, wakati mwingine zaidi. Kwa miongo mingi vilainishi vilivyotawala ni thaleti, kemikali zitokanazo na petroli. Mmea huingia hapo, kama mbadala wa kilainishi. Mafuta ya soya hukorogwa na peroksaidi mpaka umbo lake la kikemia linabadilika, na kinachotoka hakifai tena kukaangia maandazi. Protini na wanga, vitu vinavyoifanya soya iwe chakula cha kuku na ng'ombe, havimo. Tena mafuta hayo yaliyogeuzwa si ya juzi. Yametiwa kwenye PVC tangu katikati ya karne ya 20, na hadi leo yamo katika ule mpira laini ulio ndani ya vifuniko vya chupa za vyakula. Kampuni ya Dow ilipotangaza, karibu mwaka 2010, vilainishi vya mimea vilivyokusudiwa hasa kwa nyaya, ilikuwa inapanua njia iliyokwisha kupitwa. Anayesema kwamba soya imeingia kwenye plastiki ndipo panya wakazinduka amekosea tarehe kwa zaidi ya nusu karne.

Tukirudi nyuma zaidi, ganda la mmea ndilo lililotangulia na la petroli ndilo lililofuata. Kebo ya simu ya maandishi iliyounganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, iliyompa sultani na wafanyabiashara wa pwani hii mawasiliano ya haraka na dunia kwa mara ya kwanza, ilivikwa gata-pacha, utomvu wa miti ya Malaya. Nyaya za umeme za nyumba na za magari ya mwanzo zilivikwa mpira wa asili na kufumwa uzi wa pamba, vyote viwili mazao ya shamba. Wajerumani waliopanda mpira Tanga na Morogoro kabla ya bei kuporomoka mwaka 1913 walikuwa wakiuza kwenye soko hilohilo, pamoja na la matairi. Hoja kwamba viwanda vimeanza kuvisha nyaya chakula cha panya kwa mara ya kwanza katika historia haiwezi kusimama mbele ya kumbukumbu hizi.

Sasa tuje kwa mshukiwa mkuu. Panya ana meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na hayakomi kukua. Yakiachwa yangeongezeka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Upande wa mbele wa jino umefunikwa kwa tabaka gumu lenye chuma, ndiyo maana lina rangi ya manjano iliyokolea, na upande wa nyuma ni laini zaidi, hivyo jino hujinoa lenyewe linapotumika. Watu husema panya huguguna ili kupunguza meno, na kuna ukweli ndani yake, ingawa kazi hiyo huifanya zaidi kwa kusaga meno ya juu na ya chini yenyewe kwa yenyewe. Kuguguna kuna kazi nyingine: kupanua tundu, kupima kitu kigeni, kukata kinachoziba njia, kupasua vitu vya kutandikia kiota. Kwa kazi hizo maumbile yamempa kifaa ambacho katika mjadala huu wa nyaya ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mawakili wote. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo kubwa kabla ya magego. Panya anapoguguna kitu asichotaka kumeza, ngozi ya mashavu hujikunja ikaingia kwenye pengo hilo na kuziba njia ya ndani ya kinywa, meno yakabaki yanafanya kazi nje. Anaweza kutoboa ukuta mchana kutwa bila kumeza mchanga. Ndiyo sababu chini ya nyaya zilizokatwa hukutwa chembechembe na vipande vya plastiki juu ya trei ya betri au kwenye kava la chini ya injini. Ganda la waya limetemwa. Alichokula kweli kinaonekana pembeni, ndani ya kiota alichokitengeneza kwa sufi ya boneti: maganda ya karanga, punje za mahindi, vifupa vya kuku. Fundi akitaka kujua panya wa gari hilo anaishi kwa nini, asome kiota, aache kusoma waya.

Ushahidi wa pili unatoka kwa wanyama ambao soya haiwahusu hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Uswisi, kisha Ujerumani, magari yalianza kukutwa asubuhi yamekatwa mipira ya maji na nyaya za plagi. Mhalifu hakuwa panya. Alikuwa mnyama mdogo mla nyama, jamaa wa vicheche, anayependa kulala kwenye injini zenye joto. Watafiti waligundua kwamba uharibifu hupanda wakati wa majira ya kuchipua, madume yanapogombea maeneo kabla ya msimu wa kupandana, na kwamba gari lililo hatarini zaidi ni lile linalolala leo mtaa huu, kesho mtaa wa pili. Dume anakuta harufu ya mpinzani ndani ya injini na kuimalizia hasira kwenye mpira. Kampuni za bima za Ujerumani hupokea madai ya aina hiyo yanayokaribia au kuzidi 200,000 kwa mwaka, gharama yake ikizidi euro milioni 100, na mnyama mwenyewe hali soya wala plastiki. Huko California, katika bonde la Mineral King ndani ya hifadhi ya Sequoia, kuna wanyama wanene wa jamii ya kindi ambao kila majira ya kiangazi hupanda kwenye magari ya wageni na kutafuna mipira ya rejeta na nyaya, mpaka watu wamezoea kufunga magari kwa maturubai kuanzia chini. Yalianza kufungwa bila kuulizwa ni ya kampuni gani.

Mafundi wa simu wa Marekani walilijua jambo hili kabla gari halijapata kompyuta. Kebo zao za chini ya ardhi zilivikwa risasi, madini yasiyo na ladha wala lishe, na mafuko wa huko wakazitoboa. Kilichowazuia ni utepe wa chuma, au kipenyo: kebo yenye unene wa zaidi ya sentimita 7 hivi husalimika kwa sababu fuko hawezi kuachama kiasi hicho. Kampuni ya mawasiliano ya Level 3 ilieleza mwaka 2011 kwamba kindi peke yao walisababisha asilimia 28 ya uharibifu wa kebo zake mwaka uliotangulia, na kiwango hicho kikashuka hadi 17 baada ya kebo kuvikwa kinga. Nyingi kati ya hizo ni kebo za nyuzi za kioo. Katika mifano yote hii kinachoamua ni ugumu wa ganda, unene wake, na kama liko mahali mnyama anapopita au anapolala. Ladha haijitokezi popote.

Hapo msomaji mwenye Corolla ya zamani ataniuliza swali la haki kabisa: kama si soya, mbona gari langu la mwaka 1990 halikuguswa na hili la mwaka 2014 limekatwa mara mbili? Hili ndilo pingamizi kubwa na linastahili jibu refu. Kwanza, ganda limekonda. Katika viwango vya nyaya za magari vya Japani, waya wa aina ya AV ulikuwa na ganda la takriban milimita 0.6. Ukafuata AVS wa 0.5, kisha AVSS wa 0.3, na baadaye CAVUS wa takriban 0.2, sawa na karatasi mbili za daftari zikibanwa pamoja. Viwanda vilifanya hivyo kupunguza uzito, mafuta na gharama, na shaba nayo ikapunguzwa vivyo hivyo. Jino lililokuwa likichubua ganda nene na kuliacha sasa linafika kwenye shaba kwa mpigo mmoja. Pili, nyaya zimeongezeka. Nyaya za gari dogo la leo zikinyooshwa na kuunganishwa zinazidi kilomita moja, hivyo shabaha ni nyingi. Tatu, na hili mafundi wenyewe wanalijua, injini ya zamani ilikuwa wazi: ukifungua boneti unaiona ardhi. Injini ya leo ina kava juu, kava chini, sufi ya kuzuia kelele na vichochoro vyenye giza kila upande. Ni chumba kilichopangishwa bila kodi.

Sababu ya nne ni kwamba zamani hatukujua. Pikapu ya kabureta ikikatwa waya wa honi au wa taa ya ndani huendelea na safari, na mwenyewe anagundua baada ya mwezi, ananunua waya dukani na kuunganisha bila kuuliza nani alikata. Gari la leo likichubuliwa waya mmoja wa sensa ya oksijeni au wa koili, kompyuta inalalamika papo hapo, taa inawaka, giaboksi inakataa kubadili, na bili inakuja na tarakimu zinazofanya mtu atafute wa kumshtaki. Uharibifu uliokuwa kero umekuwa tukio. Ukichanganya ganda jembamba, nyaya nyingi, maficho mazuri na kompyuta isiyonyamaza, huna haja ya soya kueleza tofauti kati ya mwaka 1990 na 2014.

Wapo wanaoleta ushahidi wanaoudhani wa mwisho: Honda yenyewe huuza utepe wa kuzungushia nyaya, uliotiwa kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe. Wanasema kampuni imekiri. Imekiri kwamba panya huguguna nyaya, jambo ambalo halina mbishi. Kwa nini wanaguguna, utepe hausemi. Kapsaisini huunguza kinywa cha karibu kila mamalia, awe anauma soya, mpira, risasi au kidole chako. Utepe huo ungefanya kazi ileile juu ya waya wa mwaka 1960. Kinachonikera mimi ni kingine, kwamba mtengenezaji anayejua tatizo kiasi cha kuuza dawa yake angeweza kuivika njia hatari zaidi kinga ngumu tangu kiwandani, kwa gharama ambayo mnunuzi asingeihisi. Hapo walalamikaji wa Marekani walikuwa na kesi nzuri, ya ganda jembamba mahali pasipo kinga. Wakaiacha, wakashika ya soya.

Pingamizi la mwisho ni la kimantiki: kama hakuna aliyepima waziwazi, huwezi kuiachia soya huru. Nakubali nusu. Pua ya panya ni kali kuliko kipimo chochote cha gereji, na inawezekana ganda moja linanukia tofauti na jingine likipata joto la injini. Inawezekana pia kwamba kilainishi cha mmea hufanya ganda fulani liwe laini zaidi. Lakini hata ikiwa hivyo, laini ni laini, itoke kwenye petroli au shambani, na tutakuwa tumerudi kwenye ugumu na unene. Anayetaka kuiongeza soya kama sababu ya tano aje na kipimo. Mpaka sasa kilichopo ni mfuatano wa matukio, gari jipya kisha panya, na mfuatano peke yake haujawahi kuthibitisha kitu.

Kuna gharama katika kosa hili, na si ya heshima ya soya tu. Thaleti ambazo vilainishi vya mimea vinakusudiwa kuziondoa zina tatizo la kweli: baadhi yake zinavuruga mfumo wa uzazi. Tangu Julai 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa aina nne za thaleti katika vifaa vingi vya umeme na elektroniki. Magari hayamo katika sheria hiyo, lakini mwelekeo unaonekana. Soko likishaamini kwamba waya wa mmea ni chakula cha panya, mtengenezaji atakuwa na kisingizio rahisi cha kurudi kwenye kemikali hizo, na nchi zetu, zinazopokea magari baada ya wengine kuyatumia, na kuyachoma na kuyachuna shaba mitaani yakishakufa, ndizo zitakazovuta moshi wake.

Gharama ya karibu zaidi iko uani. Mtu aliyeamini soya hana cha kufanya zaidi ya kulaani. Aliyeamini maficho na chakula ana kazi ya kufanya jioni hii. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa joto la injini si kivutio kikubwa, kinachowaita ni kichaka, takataka, gunia la pumba la kuku na gari lisilosogezwa wiki nzima. Nairobi, Arusha, Njombe au Mbeya usiku wa Julai, joto la injini nalo linaingia katika hesabu. Panya hufuata njia za mkojo wa wenzake, kwa hiyo kuondoa kiota bila kuosha injini ni kuacha kibao cha makaribisho mlangoni. Wakati wa kuosha, vaa glavu na ulowanishe kiota kwanza, usikifagie kikavu: mkojo wa panya hubeba homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022 na kuua watu watatu. Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 kwenye mianya ya chini na kwenye njia ya hewa huzuia hata panya wadogo. Sumu siipendekezi ndani ya gari, kwa sababu panya atakwenda kufia kwenye bomba la hewa na utasafiri naye miezi miwili, na paka wa jirani anaweza kumfuata kaburini. Vile vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu vinauzwa sana mitandaoni. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 juu ya madai yao, na panya huizoea sauti hiyo haraka.

Matengenezo nayo yana mipaka yake. Kiungo cha kusokota na kuzungushia solotepu nyeusi kitapoza taa kwa wiki chache, kisha kitaingiwa na unyevu na kuota kutu ya kijani. Kiungo cha kudumu hutiwa risasi ya moto, kikavishwa kibomba cha plastiki kinachosinyaa kikipashwa joto. Waya wa njano kwa kawaida ni wa mifuko ya hewa na wa rangi ya chungwa ni wa umeme mkubwa wa magari ya haibridi, yanayojaa sasa barabarani kwetu. Hizo mbili usimruhusu fundi azijaribie. Na kabla hujalipa, soma bima yako. Bima ndogo haihusiki hapa. Hata bima kubwa, mikataba mingi huondoa hitilafu za umeme na za mitambo, na ofisa wa madai anaweza kuuweka waya uliogugunwa katika kundi hilo au katika ajali ya kutoka nje, kutegemea mkataba ulivyoandikwa. Ujerumani wamelimaliza kwa kutaja mnyama kwa jina ndani ya mkataba. Hapa mtu akiuliza wakati wa kukata bima, na kupewa jibu la maandishi, ameshinda nusu ya vita.

Suala la soya lenyewe linaweza kufungwa, tena hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kimefanya utafiti wa panya kwa miongo kadhaa, na katika mji huohuo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Utaalamu wa pua na meno ya panya tunao kuliko nchi nyingi zinazotuuzia magari. Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza: nyaya za unene mmoja, ugumu mmoja na rangi moja, nusu zimelainishwa kwa thaleti na nusu kwa mafuta ya soya, zipimwe uzito, ziwekwe usiku kwenye vizimba vya panya wa paa waliokamatwa mitaani wakiwa na chakula cha kutosha, asubuhi zipimwe tena pamoja na chembe zilizotemwa. Kisha lirudiwe kwa ganda la milimita 0.6 na la 0.2. Kampuni za bima na waagizaji wa magari, ambao ndio wanaolipa au kulaumiwa, wachangie fedha, na SUA ifanye kazi hiyo na kuchapisha majibu kwa Kiswahili, fundi wa Gerezani naye ayasome.